Jumla yako na salio havilingani? Anza kutafuta pale data inapoingia

Hebu tuchukue chama cha watu 20. Kila mmoja anatuma shilingi 2,000 kwa mwezi kwa simu. Mweka hazina anapakua stetimenti, anaifungua kwenye lahajedwali, iwe Excel, Google Sheets au LibreOffice Calc, kisha anaandika fomula ya kujumlisha. Jibu linatoka 34,000. Salio kwenye simu linasema 40,000. Mkutano ni kesho saa nane.

Maswali ya aina hii hutufikia sana, na tunajua yanavyoumiza. Shilingi 6,000 zisizoonekana zinatosha kuvunja urafiki wa miaka mingi. Mara nyingi hakuna aliyekula pesa, na fomula haijakosea hesabu. Shida iko pale katikati, stetimenti inapotoka kwenye mfumo wetu na kuingia kwenye programu nyingine. Leo tunaongea kuhusu hapo katikati.

Fanksheni ni nini hasa

Ukiandika =SUM(C2:C21) umeita fanksheni. SUM ni jina lake, na yaliyo ndani ya mabano ndiyo unayoipa ifanyie kazi. Ni kama mashine ya kusaga pale sokoni: unamimina mahindi juu, unga unatoka chini. Ukimimina mahindi yenye mawe, mashine haitakuuliza kitu, itasaga tu.

Programu zote za hesabu zinafanya hivyo. Mwanafunzi wa chuo anayetumia MATLAB au Octave, mtafiti anayetumia R, na mama mboga mwenye lahajedwali kwenye simu, wote wanaita fanksheni kwa jina na kuipa vitu kwenye mabano. Kwa hivyo usiogope. Ukielewa fanksheni tano au sita vizuri, umeshafika mbali kuliko wengi wanaojiita wataalamu.

Turudi kwa zile 6,000. SUM ina tabia moja ambayo watu wengi hawaijui: ukiipa safu ya seli, inajumlisha nambari na kuruka maandishi bila kusema lolote. Sasa kama kwenye safu hiyo seli tatu zimeandikwa "KES 2,000.00" badala ya 2000, machoni pako zote ni pesa, lakini kwa programu hizo tatu ni maneno, sawa na jina "Wanjiku". Zinarukwa. 17 mara 2,000 ni 34,000, na hiyo ndiyo jumla yake.

Dalili ya kwanza unaiona kwa macho: kama hukubadilisha mpangilio, nambari hukaa upande wa kulia wa seli na maandishi upande wa kushoto. Dalili ya uhakika zaidi ni fomula hii:

=COUNTA(C2:C21)-COUNT(C2:C21)

COUNTA inahesabu seli zote zenye kitu ndani. COUNT inahesabu zenye nambari peke yake. Tofauti ikiwa sifuri, endelea. Ikiwa 3, una seli tatu za maandishi zinazojifanya pesa. Ondoa "KES" na koma kwa kutumia amri ya kutafuta na kubadilisha, au ukipenda fomula, kwenye safu mpya andika:

=VALUE(SUBSTITUTE(SUBSTITUTE(C2,"KES ",""),",",""))

Sisi tungependa kila mtu aandike ile ya COUNTA juu kabisa ya laha yake na kuiacha hapo milele.

Nambari ya simu si nambari

Hii inachanganya, lakini ifikirie hivi: je, umewahi kujumlisha nambari mbili za simu? Hakuna anayefanya hivyo. Nambari ya simu ni jina lililoandikwa kwa tarakimu. Programu haijui hilo. Ikiona 0712 na kuendelea, inaona sifuri ya mbele haina maana katika hesabu na kuifuta. Ikiona 2547 na tarakimu nyingine nane, inaona nambari kubwa sana na Excel inaweza kuionyesha kama 2.547E+11. Halafu unatafuta nani amelipa na hupati mtu.

Dawa iko kwenye namna ya kufungua faili. Faili ya CSV usiifungue kwa kubofya mara mbili. Fungua lahajedwali tupu kwanza, nenda kwenye menyu ya data, chagua kuingiza kutoka faili ya maandishi, na programu ikikuuliza safu hii ni ya aina gani, iambie safu ya simu ni maandishi. Fanya vivyo hivyo kwa safu ya msimbo wa muamala. Ni dakika moja zaidi, lakini itakuokoa jioni nzima.

Kuna shida nyingine inayofuata. Mwanachama mmoja ameandikwa kwenye daftari 0712..., stetimenti inasema 254712..., na kwenye kikundi cha WhatsApp ni +254 712.... Hao watatu ni mtu mmoja. Ondoa nafasi, kisha chukua tarakimu tisa za mwisho:

=RIGHT(SUBSTITUTE(A2," ",""),9)

Tarakimu tisa za mwisho za nambari ya simu ya Kenya hazibadiliki, hata ile sifuri ikifutwa. Fanya hivyo kwenye orodha ya wanachama na kwenye stetimenti pia, ndipo ulinganishe. Stetimenti nyingine huficha tarakimu za katikati kwa ajili ya faragha. Hapo itabidi uwaombe wanachama wakutumie msimbo wa muamala, ambao pia hauwezi kufanana wa mtu huyu na wa yule.

Ukifika kwenye VLOOKUP, fanksheni ya kutafuta jina kwenye orodha, usisahau kitu cha nne kwenye mabano. Andika FALSE. Ukikiacha wazi, programu inatafuta kinachokaribiana, na inaweza kukupa jina la mtu mwingine kabisa bila kuona haya. Mchango wa Otieno unaandikwa kwa Omondi, na wewe ndiye utakayejibu. Mahali pekee tunapopenda kule kukaribiana ni kwenye jedwali la ada za kutuma pesa, kwa sababu ada huenda kwa viwango: ukitafuta 1,730 unataka kiwango ambacho kiasi hicho kimo ndani yake. Hapo andika TRUE, na upange jedwali kutoka kiasi kidogo kwenda kikubwa.

Tarehe zinazogeuka kimyakimya

Hapa Kenya tunaanza na siku, halafu mwezi. Kompyuta iliyopangwa kwa mtindo wa Marekani inaanza na mwezi. Ukiingiza 05/03/2025, mchango wa tarehe tano Machi unakuwa wa tarehe tatu Mei. Ukiingiza 25/03/2025, programu inatafuta mwezi wa 25, inakosa, na kuiacha kama maandishi. Kwa hivyo siku 12 za kwanza za mwezi zinaweza kugeuka na zilizobaki zisigeuke. Ndiyo maana kosa hili ni gumu kuliona. Laha inaonekana nzuri mpaka ujumlishe kwa mwezi.

Usidhani ni wenye vyama peke yao wanaosumbuka. Wanasayansi wa jenetiki walikuwa na jeni lenye jina MARCH1, na lahajedwali zilikuwa zikiligeuza kuwa tarehe moja Machi. Mwaka 2020 kamati inayosimamia majina ya jeni za binadamu ilitangaza majina mapya kwa jeni za aina hiyo. MARCH1 sasa inaitwa MARCHF1. Sayansi ilibadilisha jina ili programu iache kusumbua.

Mwaka huohuo wa 2020, Uingereza ilipata kisa kizito zaidi. Matokeo ya vipimo vya korona yalikuwa yakitoka kwenye maabara kama faili za CSV, kisha yanaingizwa kwenye faili za Excel za muundo wa zamani, XLS. Muundo huo una mwisho wake: mistari 65,536 na si zaidi. Iliyozidi iliachwa nje bila onyo. Wagonjwa 15,841 waliopatikana kati ya tarehe 25 Septemba na 2 Oktoba hawakuingia kwenye hesabu za kila siku kwa wakati, na watu waliokuwa karibu nao walichelewa kutafutwa. Kila programu ilifanya kazi yake kama ilivyoundwa. Mistari ilipotea njiani kati ya programu moja na nyingine, kama zile 6,000 za mweka hazina wetu.

Kipimo kimoja kinachokamata karibu yote

Stetimenti yako ina kitu ambacho data nyingine nyingi hazina: kila mstari una salio. Salio la mstari uliopita, jumlisha kilichoingia, toa kilichotoka, lazima liwe salio la mstari huu. Hapo unapata polisi wa bure. Tuseme safu D ni pesa zilizoingia, E ni zilizotoka (ziandikwe bila alama ya kutoa), na F ni salio. Kwenye mstari wa tatu andika:

=ROUND(F2+D3-E3-F3,2)

Kisha iburute mpaka chini. Kila mstari uonyeshe 0. Mstari ukipotea njiani, kiasi kikikatwa, nambari ikigeuka kuwa maandishi, mahali hapohapo patatokea kitu kisicho sifuri au alama ya kosa. Hutahitaji kupitia mistari 300 kwa kidole.

Tahadhari mbili. Stetimenti nyingi huanza na muamala wa mwisho juu, kwa hivyo zipange kuanzia wa zamani kwanza. Na ukipanga, usitegemee saa peke yake: muamala na ada yake vinaweza kuwa na saa ileile hadi sekunde, vikapishana, na kipimo kikapiga kelele bure. Kabla ya kugusa chochote ongeza safu ya nambari 1, 2, 3 mpaka chini, kisha panga kwa hiyo, kubwa kwenda ndogo.

Mbona ROUND? Kwa sababu kompyuta huhifadhi nambari kwa mfumo wa mbili, na senti kama 0.10 haikai sawasawa humo, kama vile theluthi moja isivyoisha ukiiandika kwa desimali. Baada ya kutoa na kujumlisha inaweza kubaki takataka ndogo mno, sehemu ya bilioni ya senti. Si pesa, lakini si sifuri pia, na inatosha kukutisha. ROUND yenye 2 inaikata kwenye senti.

Ukitaka kutafuta miamala iliyoingizwa mara mbili, usihesabu msimbo peke yake. Katika stetimenti nyingi ada huandikwa mstari wake chini ya msimbo uleule. Hesabu msimbo pamoja na kiasi, kwa COUNTIFS.

Fanksheni za mkopo

Hapa tunakaa kidogo, kwa sababu ni pesa za mfukoni kabisa. Mkopo wa 50,000, miezi 12, riba asilimia 1.5 kwa mwezi. Wakopeshaji wawili wanakutajia maneno hayohayo. Mmoja anahesabu riba kwenye deni linalobaki. Fanksheni yake ni:

=PMT(1.5%,12,50000)

Jibu ni karibu -4,584. Ile alama ya kutoa isikushtue, inamaanisha pesa inatoka kwako. Mwaka mzima utalipa kama 55,008.

Wa pili anahesabu riba kwenye 50,000 zote kila mwezi, hata pale umeshalipa nusu. Riba ni 750 mara 12, yaani 9,000. Utalipa 59,000, karibu 4,917 kwa mwezi. Sasa iulize programu riba halisi ya huyu wa pili ni ngapi:

=RATE(12,-4916.67,50000)

Inatoa karibu asilimia 2.64 kwa mwezi. Ukiona tu 0.03 au asilimia 3, ongeza nafasi za desimali. Maneno yalikuwa yaleyale, asilimia 1.5, na tofauti ni karibu shilingi 4,000. Kabla ya kutia sahihi mahali popote, pamoja na kwetu, uliza kiasi cha kila mwezi na uipe RATE. Kama kuna ada ya kuanzisha mkopo inayokatwa mwanzoni, badala ya 50,000 weka kile ulichopokea mkononi.

Unaweza pia kutengeneza fanksheni yako mwenyewe. Excel mpya na Google Sheets zina LAMBDA. Chama kinatoza faini ya 50 kwa kila siku baada ya siku tano za kusubiri, isizidi 500:

=LAMBDA(siku, MIN(500, MAX(0, siku-5)*50))

Ipe jina FAINI kwenye sehemu ya majina, halafu mahali popote andika =FAINI(B2). Aliyechelewa siku 3 halipi kitu, wa siku 9 analipa 200, wa siku 20 analipa 500. Uzuri wake ni kwamba sheria imeandikwa mahali pamoja. Mkutano ukibadilisha 50 iwe 30, unabadilisha mara moja, na hakuna anayehesabiwa kwa sheria ya zamani.

Kuunganisha moja kwa moja

Wenye biashara huchoka kupakua faili kila siku, na tunawaelewa. Njia iliyopo ni API, mlango ambao programu yako inapitia kuongea na mfumo wa malipo bila mtu katikati. Programu ya duka inatuma ombi, mteja anaona ujumbe kwenye simu yake, anaweka PIN yake, na mfumo unarudisha majibu kwenye seva yako.

Tuseme majibu, kwa wingi. La kwanza linakuja haraka na maana yake ni "tumepokea ombi lako". Halisemi mteja amelipa. Huenda mteja bado anatafuta miwani, au ameghairi, au hana salio la kutosha. Jibu la pili ndilo linalosema malipo yamefaulu au yamekataliwa. Kijana anayekutengenezea programu akichukua la kwanza kuwa ndilo la malipo, duka lako litatoa unga, sukari na mafuta bure. Mwulize swali hilo waziwazi kabla hujamlipa: programu inatoa risiti baada ya jibu lipi?

Mwulize na la pili: jibu lilelile likija mara mbili itakuwaje? Mtandao ukikatika, mfumo unaweza kutuma tena ili kuhakikisha umepata. Programu nzuri inaangalia msimbo wa muamala, ikiona imeshauandika inanyamaza. Programu mbaya inaongeza mauzo ambayo hayapo. Na ilinganishe kiasi pia. Bili ya 1,000 isifungwe na malipo ya 10.

Kuna wanaojaribu njia ya mkato: programu ya kwenye simu inayosoma SMS za malipo na kuzimwaga kwenye lahajedwali. Sisi hatuipendi. SMS ni maandishi, na mtu yeyote anaweza kuandika maandishi yanayofanana na yetu. Muuzaji mwenye macho anaweza kugundua SMS ya bandia kwa jina la mtumaji au salio lisiloeleweka. Fomula haigunduki hayo. Inaona neno "umepokea" na nambari, inajumlisha.

Funguo za API ni siri kama funguo za duka. Usiziandike kwenye seli ya laha ambayo wafanyakazi watano wanaifungua. Ukitumia IMPORTRANGE kuvuta data kutoka laha moja ya Google kwenda nyingine, kumbuka ukishatoa ruhusa mara ya kwanza, kila anayeweza kuhariri laha ya pili anaweza kuvuta sehemu yoyote ya ile ya kwanza. Majina na simu za wateja zimo humo, na Sheria ya Ulinzi wa Data ya 2019 inakuhusu wewe pia. Faili ya Excel iliyotumwa na usiyemjua ikikuomba uwashe makro, ifunge.

Na PIN? Hakuna programu ya hesabu, fanksheni, API, wala fundi anayeihitaji ili kuunganisha chochote. PIN inaandikwa mahali pamoja, kwenye simu ya mwenye pesa, na mwenye pesa mwenyewe. Mtu akikuambia "nipe PIN nimalizie kuunganisha", simamisha kazi hapo, badilisha PIN yako, kisha utupigie kupitia nambari iliyo ndani ya app, si ile atakayokupa yeye.